Anayekufia jela haombi nafasi ya pili

Tangu Mahakama ya Juu ya Kenya irudishe kifungo cha maisha Aprili 2025, tafsiri ninayoisikia barazani na ndani ya matatu za Mtwapa ni moja tu: mlango umefungwa, aliyepewa maisha atatoka maiti. Wapo wanaoyasema hayo kwa kuridhika na wapo wanaoyasema kwa kusikitika, ila wote wanaamini kwamba ndivyo majaji walivyoamua. Sivyo. Kesi yenyewe ilianzia huku huku kwetu. Julai 2023 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Malindi ilisema kifungo cha maisha kisicho na kikomo kinakwenda kinyume cha Katiba, ikampa mtu aliyepatikana na hatia ya kumnajisi mtoto mdogo miaka 40 badala ya maisha. Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu hoja ya Katiba haikuwa imeletwa na kujadiliwa kuanzia mahakama za chini, na kwa sababu kueleza maisha ni miaka mingapi ni kazi ya Bunge. Kuhusu mfungwa ambaye saratani imeshafika kwenye ini na daktari amehesabu wiki zake, uamuzi ule haukufunga chochote. Kifungu cha 133 cha Katiba, kinachompa Rais uwezo wa kuwahurumia wafungwa, kiko pale pale kilipokuwa.

Tatizo ni kwamba mlango huo, ingawa u wazi, ulijengwa kwa ajili ya watu wengine. Umejengwa kwa mfungwa mwenye afya na subira, anayetaka kuonyesha kwamba amebadilika na anastahili kuanza upya. Mtu anayekaribia kufa haombi kuanza upya. Hana cha kuanza. Anachoomba, au anachoombewa na mamake, ni kufia mahali penye dawa ya maumivu na mtu wa kumshika mkono. Tukiyachanganya maombi haya mawili tunampima mtu wa wiki sita kwa kipimo cha mtu wa miaka kumi, na faili lake hufika Nairobi yeye akiwa ameshazikwa. Ninachotetea ni njia ya peke yake kwa wagonjwa hawa: adhabu iahirishwe, iamuliwe haraka na watu walio karibu na kitanda, na hatia ya mtu isifutwe hata chembe.

Tuitazame Katiba yenyewe, kwa sababu wengi tunaposikia huruma ya Rais tunafikiria msamaha tu. Kifungu cha 133 kinampa Rais uwezo wa aina nne. Anaweza kumsamehe mtu, kwa masharti au bila masharti. Anaweza kuahirisha utekelezaji wa adhabu, kwa muda maalumu au usio na ukomo. Anaweza kuibadilisha adhabu iwe nyepesi zaidi. Na anaweza kuiondoa yote au sehemu yake. Hafanyi hivyo kwa matakwa yake, bali kwa ushauri wa kamati ambayo ndani yake wamo Mwanasheria Mkuu, waziri anayesimamia magereza, na wengine wasiopungua watano ambao si watumishi wa umma. Sheria ya mwaka 2011 inayoiongoza kamati hiyo inaitaka iangalie umri wa mtu alipotenda kosa, uzito wa kosa, muda aliokwisha kutumikia, mwenendo wake gerezani, ripoti za magereza, maoni ya waathiriwa, na kama mwombaji amezitumia njia nyingine za kisheria na zimezaa nini. Afya yake imo pia. Lakini imo kama kigezo kimoja katika lundo, na vigezo vingine karibu vyote vinauliza swali lile lile: je, huyu amerekebika vya kutosha tumrudishe kwa watu? Swali zuri, kwa mtu atakayeishi. Kwa asiyeweza kugeuka kitandani bila kusaidiwa, ni swali lililopitwa na wakati.

Na hawa si wachache wa kubahatisha. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini mahakama zimeendelea kutoa hukumu za kifo, na kila baada ya miaka kadhaa marais wamezigeuza kuwa kifungo cha maisha: Kibaki mwaka 2009 kwa watu zaidi ya 4,000, Uhuru Kenyatta mwaka 2016 kwa watu 2,747, na Ruto mwaka 2023. Tulipiga makofi, na kwa haki. Ila hakuna aliyefuatilia hesabu ile inaelekea wapi. Kijana aliyeingia na miaka 30 na akabadilishiwa hukumu mwaka 2009 sasa anakaribia au amepita 50. Punguzo la theluthi moja ambalo mfungwa wa kawaida hulipata kwa tabia njema, yeye halimhusu. Atazeekea mle, na uzee huja na mafigo, sukari, presha na saratani kama huku nje. Kwa hiyo kila tendo la huruma la jumla linalofanywa Ikulu huzalisha, miaka ishirini baadaye, wagonjwa ambao huruma ya mmoja mmoja haina kasi ya kuwafikia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumjulia hali jamaa yangu aliyelazwa katika hospitali moja ya umma hapa Mombasa. Kitanda cha pili kutoka chake alilala mfungwa, sare ya mistari imekunjwa chini ya mto, pingu imeunganisha mguu wake na chuma cha kitanda. Mguu ulikuwa umekonda mpaka pingu ikashuka kisiginoni, ungeweza kuivua kama kandambili. Askari jela wawili walikuwa zamu: mmoja amesinzia kwenye kiti cha plastiki, mwingine anamlisha uji kwa kijiko, taratibu, akimfuta kidevu. Mama mmoja mtu mzima aliyekuja kumwona mgonjwa wake akamuuliza kwa nini asimfungue maskini. Yule askari akamjibu kwa adabu: "Mamangu, huyu hatoroki. Lakini nikimfungua, kesho naulizwa mimi."

Jibu lile linaeleza mfumo mzima. Kila mtu aliye karibu na mgonjwa anaona kwamba ulinzi ule haulindi mtu yeyote, na hakuna hata mmoja mwenye mamlaka ya kuuondoa. Askari hana, mkuu wa gereza hana, daktari wa wadi hana, hakimu aliyetoa hukumu ameshamaliza kazi yake. Aliye na uwezo ni Rais, akishauriwa na kamati, baada ya ripoti kuandikwa na kutumwa na kusomwa. Wakati huo askari wawili mchana na wengine usiku wanalipwa kulinda mwili usioweza kwenda msalani peke yake.

Hoja dhaifu kuliko zote dhidi ya ninayoyasema ndiyo inayotolewa kwa sauti kubwa zaidi: kwamba jela ina zahanati, atibiwe huko huko. Naam, Shimo la Tewa, gereza letu la hapa Mombasa, ina zahanati, na wahudumu wake wanafanya wawezalo. Lakini fikiria kazi ya kumtunza mtu mwenye saratani iliyoenea. Mofini ya kunywa, ile ya maji, hutolewa kila baada ya saa nne, na hata akipewa dozi kubwa ya usiku ili alale, lazima awepo mtu wa kuona kama anapumua vizuri, kama maumivu yameamka kabla ya wakati, kama amefunga choo kwa siku kadhaa kwa sababu ya dawa yenyewe. Wadi za jela hufungwa jioni hadi asubuhi. Mofini pia ni dawa inayodhibitiwa, na hutaki ikizagaa ndani ya gereza lenye watu wanaotamani dawa za kulevya. Kwa hiyo hata mganga mwenye moyo wa huruma ana sababu ya kuogopa kuiweka. Matokeo ni kwamba anayemwogesha mgonjwa na kumbadilisha nguo usiku ni mfungwa mwenzake. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa, katika Kanuni za Nelson Mandela, ulisema mfungwa apate matibabu ya kiwango kile kile anachopata mtu wa nje. Katiba yetu kwenye Kifungu cha 51 inasema mfungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizoweza kwenda pamoja na kufungwa kwake. Kufungwa hakuhitaji mtu alie usiku kucha kwa maumivu yenye dawa.

Hoja nzito ni nyingine kabisa, na haitoki kwa wanasheria. Inatoka kwa mama wa Kisauni ambaye mwanawe alikatwa panga akitoka dukani. Yeye atauliza: mwanangu alipata wapi mtu wa kumshika mkono? Na barazani utaikuta hoja hiyo imevaa vazi la dini, nayo ina nguvu. Katika Uislamu haki ya damu ni ya walii wa aliyeuawa, yaani jamaa yake wa karibu. Qur'ani, Surat al-Baqara aya ya 178, inamwachia yeye kudai kisasi au kusamehe na kupokea diya, yaani fidia ya damu. Mtawala si mwenye kusamehe damu isiyo yake. Vipi basi mtu wa Ikulu asamehe kwa niaba ya mama ambaye hajaulizwa?

Naikubali hoja hii yote, na ndiyo maana sitaki wagonjwa hawa wasamehewe. Katiba imetupa kifaa kingine tusichokitumia vya kutosha: kuahirisha adhabu. Anayeahirishiwa bado ni mfungwa. Hukumu yake inasimama, hatia inasimama, jina lake halisafishwi, na akipata nafuu anarudi ndani kumalizia. Dola haimsamehei mama yule kitu chochote. Inakiri tu kwamba kwa sasa adhabu hii haiwezi kutekelezwa kama adhabu, kwa sababu mwili umetangulia kuitekeleza nyingine. Na mama anapaswa kuarifiwa kabla, si kusoma kwenye simu. Asiwe na kura ya kukataa, hapo natofautiana na wengi, lakini awe na sauti katika masharti: mtu huyu apelekwe wapi, asifike mtaa gani, asikaribie nyumba ipi.

Hofu ya udanganyifu nayo ni ya kweli, na Mkenya haihitaji kufundishwa. Tumewaona vigogo wakifikishwa kortini kwa ambulansi, shingo zimefungwa, na wiki mbili baadaye wako harusini. Afrika Kusini wameonja hili kwa uchungu. Schabir Shaik, mfanyabiashara aliyefungwa miaka 15 kwa ufisadi, aliachiliwa Machi 2009 kwa sababu ya ugonjwa baada ya kutumikia miaka miwili na miezi kadhaa. Miaka ikapita, naye akaripotiwa kucheza gofu. Mwaka 2021 Jacob Zuma, rais wa zamani, akatolewa kwa njia hiyo hiyo, na mahakama ya rufaa ya nchi hiyo ikasema Novemba 2022 kwamba hatua ile ilikuwa kinyume cha sheria. Watu hunukuu visa hivi kuonyesha kwamba mlango huu haufai kabisa. Mimi naona vinaonyesha kitu kingine. Katika kisa cha Zuma, bodi ya madaktari iliyowekwa na sheria haikupendekeza aachiliwe. Ni mkuu wa magereza aliyekwenda kinyume na ushauri wao. Kilichoharibika ni mamlaka ya mtu mmoja kuwapiku madaktari. Na wa kuumia na kashfa hizo ni mfungwa maskini asiye na wakili, ambaye sasa kila daktari anaogopa kumtilia sahihi.

Kuna pia kisa ambacho hakikuwa na udanganyifu lakini kilichoma vile vile. Agosti 2009 serikali ya Uskoti ilimwachilia Abdelbaset al-Megrahi, aliyehukumiwa kwa mlipuko wa ndege ya Lockerbie wa mwaka 1988 uliowaua watu 270. Alikuwa na saratani ya tezi dume na makadirio yalikuwa kama miezi mitatu. Akaishi mpaka Mei 2012. Familia za waliokufa ziliona zimechezewa. Ila daktari si mtabiri. Makadirio ya muda wa kuishi hukosea pande zote mbili, na wengi huondoka mapema kuliko ilivyotarajiwa. Tiba ya tatizo hili ni kuacha kuachilia watu moja kwa moja. Mpe mgonjwa miezi sita, jopo limpime tena, likiona bado hali ni ile ile limwongezee, na likiona amesimama na anatembea sokoni arudi. Kuahirisha kunaruhusu hilo. Msamaha hauruhusu.

Majirani zetu Tanzania wana kitu cha kuiga nusu. Matangazo ya msamaha wa Rais ya sikukuu za taifa, kama ya Muungano 26 Aprili au ya Uhuru 9 Desemba, mara nyingi yanawataja wafungwa wenye UKIMWI, kifua kikuu na saratani walio katika hatua ya mwisho, wakithibitishwa na jopo la waganga chini ya mganga mkuu wa mkoa au wa wilaya. Hilo jopo la mkoa ndilo ninalolitaka: watu wanaoweza kumwona mgonjwa kwa macho. Kasoro yake ni kalenda. Saratani haingojei gwaride, na orodha ya makosa yasiyoguswa huwa ndefu. Marekani nao walijifunza kuhusu muda kwa njia ngumu. Zamani ni mkuu wa magereza ya serikali kuu pekee aliyeweza kupeleka ombi la mgonjwa mahakamani. Sheria ya mwaka 2018 ikamruhusu mfungwa aende mwenyewe kwa jaji iwapo siku 30 zimepita tangu aombe. Sheria hiyo iliweka saa ukutani, nasi hatuna saa hiyo. Hata hivyo tulionyesha tunaweza kukimbia tukitishwa: corona ilipoingia 2020, mahakama zilipitia mafaili na kuwatoa zaidi ya wafungwa 4,800 wa makosa madogo na waliobakisha muda mfupi.

Sasa kuna pingamizi moja ambalo watetezi wa haki hulipitia juu juu, nami naliona ndilo gumu kuliko yote: anatoka kwenda wapi? Makosa ya kunajisi watoto hapa Pwani mara nyingi hufanyiwa ndani ya ukoo, na aliyefungwa ni mjomba, baba wa kambo, jirani wa ua mmoja. Ukisema arudishwe nyumbani, nyumba hiyo ndiyo anamoishi mtoto aliyemuumiza, ambaye sasa ni msichana wa miaka 15 na ataambiwa ampelekee mzee maji. Hiyo haiwezi kuitwa huruma. Wengine hawana pa kwenda hata bila hayo. Mke ameolewa kwingine, shamba la Kaloleni limeuzwa, ndugu wanaona aibu. Na familia iliyo tayari kumpokea huenda haina hata nauli ya kumrudisha hospitali. Mfungwa akiwa ndani, gharama ni ya serikali. Akitoka, anaangukia SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na mchango wake ataulipa nani? Bila majibu hapa, serikali itakuwa imegundua njia nafuu ya kutua mzigo wake kwenye mkeka wa maskini, na kuiita utu.

Kwa hiyo kuahirishiwa adhabu kusiwe sawa na kurudishwa nyumbani. Kwa wengine itakuwa nyumbani, baada ya afisa wa probesheni kufika na kuona nani analala wapi. Kwa wengine iwe kitanda hospitalini bila pingu na bila askari wa zamu, gharama ikibaki kwa idara ya magereza mpaka mwisho. Ujuzi wenyewe tunao mjini. Makadara, hospitali kuu ya Pwani, kuna kituo cha saratani, na Coast Hospice imefanya kazi ya kutuliza maumivu kwa miaka mingi. Faida nyingine ndogo lakini kubwa kwa wenye maiti: sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inamtaka hakimu achunguze kifo cha kila anayefia kizuizini, na familia ya Kiislamu inayotaka kuzika kabla ya magharibi inajikuta inasubiri makaratasi. Sitaki uchunguzi huo ulegezwe, maana ndio unaotulinda na vifo vya kupigwa. Lakini mtu aliyekufa kwa ugonjwa uliojulikana, mbele ya nduguze, hahitaji kulala kwenye jokofu.

Mahabusu ambaye kesi haijaisha yuko nje ya Kifungu cha 133 kabisa, kwa kuwa hana hukumu ya kuahirishwa. Huyo dawa yake ni dhamana, na hakimu anaweza kuipitia upya leo.

Mahakama ya Juu imelirudishia Bunge kazi ya kueleza kifungo cha maisha ni nini. Mswada huo ukija, wabunge wa Pwani wadai kifungu cha wagonjwa wa hatua ya mwisho ndani yake: jopo la madaktari watatu katika kila kaunti yenye gereza kubwa, angalau mmoja wao asiwe mwajiriwa wa serikali, siku 14 za kutoa jibu, maoni yao yasipikuliwe na afisa yeyote bila sababu zilizoandikwa na zinazoweza kupingwa mahakamani, mwathiriwa aarifiwe, na hali ipimwe upya kila miezi sita. Kwa kuwa Katiba imempa Rais neno la mwisho, kamati ipokee ripoti ya jopo na kumshauri ndani ya wiki, kwa mkutano wa simu ikibidi. Wala hakuna haja ya kungoja mswada. Kamati inaweza hivi sasa kuyatenga maombi ya wagonjwa hawa na kushauri kuahirisha badala ya kusamehe, bila koma moja ya Katiba kubadilishwa. Ianze na Shimo la Tewa, ambako kutoka lango la jela mpaka Makadara ni matatu moja tu.